Mahame ya Babu Yasiuzwe Kabla Mzee Hajasema

Glasgow, Uskoti

Ndugu zangu,

Leo siulizii mvua wala mavuno, maana kuna jambo limenikera. Mdogo wangu ameniandikia kwamba amepatikana mnunuzi wa eneo letu la zamani, tupate hela za bati. "Kuna nini pale, kaka? Ni mahame tu." Ujumbe huo umenikuta natoka kuzuru mahame ya watu wengine.

Kaskazini kabisa mwa Uskoti, huko Sutherland, kuna bonde liitwalo Strathnaver. Zamani lilijaa vijiji vya wakulima na wafugaji wa ng'ombe waliozungumza Kigaeli. Ardhi haikuwa yao, walikuwa wapangaji wa kabaila. Kabaila alipoona kondoo wana faida kuliko kodi ya wapangaji, mwaka 1814 na tena 1819 watu walifukuzwa, na nyumba zikachomwa ili wasirudi. Wengi walisukumiwa pwani, kwenye vishamba vya mawe, wakaambiwa wajifunze uvuvi. Wengine walivuka bahari hadi Kanada.

Nilitembea katika kimoja cha vijiji hivyo, Rosal. Imebaki misingi ya mawe iliyofunikwa na nyasi, na matuta ya mashamba yanayoonekana jua linapoinama. Hapo ndipo alipozaliwa fundi mawe Donald Macleod, ambaye mwaka 1840 na 1841 aliandika barua gazetini akieleza aliyoyaona. Alisema usiku mmoja alipanda kilimani akahesabu nyumba 250 zikiwaka. Bila kalamu yake, tungebaki na maelezo ya kabaila na mawakala wake. Serikali ilipokuja kupanda msitu kulizunguka eneo hilo, kijiji kiliachwa wazi bila kupandwa mti, na mwaka 1962 wataalamu wa mambo ya kale wakakipima na kuchimba.

Nilimkuta pale mama mmoja mtu mzima kutoka Kanada, ambaye babu wa babu yake alitoka bonde lile. Huku Uskoti vizazi, ndoa na vifo vimesajiliwa na serikali tangu 1855, na kabla ya hapo kuna vitabu vya parokia, vingine tangu 1553, ambavyo leo husomwa kwa intaneti. Sheria ya mwaka 2003 nayo inamruhusu mtu kutembea mashambani, hata kwenye ardhi ya mtu mwingine, mradi asiharibu kitu. Mama yule alifuata vitabu hivyo vikamfikisha parokia ya Farr, lakini nyumba havikumwonyesha. Basi alipita kwenye msingi mmoja baada ya mwingine, akaigusa yote, akalia. Amevuka bahari kuja kukisia. Nyinyi mnapanda bodaboda, na mwenye kuwaonyesha yupo hai!

Yupo, kwa sababu sisi Watanzania tulihamishwa juzi tu. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji vya pamoja ni amri, na hadi 1976 Operesheni Vijiji ilikuwa imehamisha mamilioni. Nia haikuwa kondoo. Ilikuwa shule, zahanati na maji. Hata hivyo, watu waliacha nyumba, miembe na makaburi. Kijana aliyebeba godoro siku ile ndiye mzee anayesinzia barazani kwenu na redio yake. Nyinyi mabingwa wa kutaja kikosi kizima cha Simba na Yanga, mkiulizwa jina la mama aliyemzaa babu, mnatazamana! Hili ni jambo la kuona haya, nami nalisema kwa upendo.

Basi fanyeni hivi. Nendeni kiangazi, nyasi zikishakauka, na mzee awe pamoja nanyi. Mwombeni ruhusa anayelima pale sasa. Kilo mbili za sukari hufungua mlango. Tafuteni minyaa ya uzio wa zamani, mwembe, jiwe la kusagia. Msimuulize mzee "historia ya ukoo", atawajibu kwa kifupi. Muulizeni jirani wa upande wa mashariki alikuwa nani, maji yalichotwa wapi, nani amelala katika kaburi hili na aliugua nini. Mrekodini kwa simu, na usiku huohuo andikeni kwenye daftari, maana simu huibwa. Majina ya kina bibi na koo walizotoka yatangulie, kwa kuwa ndiyo yanayopotea mapema. Pangeni mawe kuzunguka makaburi, na mahali penyewe pawekeni alama kwenye ramani ya simu. Kama shida imebana na lazima kuuza, makaburi na njia ya kuyafikia yaandikwe kwenye hati ya mauziano, mbele ya serikali ya kijiji na mashahidi wa pande zote mbili.

Wajukuu wenu watatawanyika, kama tulivyotawanyika sisi, na ipo siku mmoja wao atarudi kuuliza walikoishi wazee wake. Hatukuwa na vitabu vya parokia vya karne ya 16. Vitabu vyetu ni wazee hawa, na kila mwaka tunawazika. Muulizeni mzee wenu kiangazi hiki, msingoje kingine.