Nahodha Ameamua, Kompyuta Imeamua

Likizo ya Desemba nilikaa Omurushaka kwa dada yangu, nyumba isiyo mbali na njia panda ambapo magari ya Bukoba, Kayanga na Nkwenda hupishana kwa honi na vumbi. Nilikwenda na kazi niliyojitwika mwenyewe: kuwatafsiria wapwa zangu watatu mchezo wa chombo cha anga. Si mchezo wa simu. Huchezwa mezani kwa kitabu cha kanuni, dadu mbili, karatasi na ulimi. Kila mmoja hujivika nafsi ya mtu fulani, kisha safari husimuliwa kwa zamu. Unaitwa Traveller. Aliutunga Marc Miller huko Marekani, ukachapishwa mwaka 1977.

Kitabu hicho kina ukali wa sheria za bandari. Kila chombo kisafiricho baina ya nyota sharti kiwe na rubani. Kikizidi tani 200, sharti awepo mtu wa kukokotoa njia. Penye abiria wa daraja la juu awepo mhudumu, penye mizinga wawepo wapiga mizinga. Nikaanza kutafuta majina, na hapo ndipo furaha yangu ilipokuwa, maana Kiswahili kilikwisha kupakia mabaharia kabla ya chombo hiki kuundwa. Nahodha tulimpata kwa Waajemi, kwao maana yake ni bwana wa chombo. Serahangi naye ana asili huko huko. Rubani alitoka Uarabuni akiongoza majahazi, leo yuko angani na hakuna aliyemwuliza vyeti.

Aliyenitatiza ni msoma njia. Kamusi zinatupa urambazaji, neno zuri, lakini mtu wake hajazoeleka vinywani. Nikakumbuka kuwa mabaharia wa Kiarabu katika Bahari ya Hindi walimwita mwalimu yule aliyesoma nyota na kuelekeza chombo. Ndiyo sababu Wareno, waliopewa kiongozi wa njia pale Malindi mwaka 1498, waliandika jina lake kwa kuanza na “Malemo”. Nikaona nimeokota lulu. Wapwa zangu wakacheka mpaka dadu zikaanguka: mwalimu angani, na chaki mkononi!

Mkubwa wao, aliye kidato cha tatu, alikuwa na hoja nzito zaidi. “Mjomba, simu ya mama ina uwezo kuliko kompyuta ya kitabu chako. Watu wote hawa wa nini? Kompyuta ishike usukani, isome nyota, ifyatue mizinga. Abaki nahodha tu.” Nahodha, bila shaka, alikuwa yeye.

Nilimweleza kuwa mwaka 1977 kompyuta ilikuwa dubwana. Katika kanuni hizo, iliyo ndogo kuliko zote hula nafasi ya tani nzima, wala haibebi programu zote kwa pamoja. Katikati ya vita mabaharia huchagua ipi iingie na ipi itoke. Akanijibu kwamba hiyo ni historia. Alikuwa na haki. Basi tukajaribu safari moja kwa sheria zake. Kompyuta imekwepa kimondo. Kompyuta imepiga. Kompyuta imefika. Safari ikaisha ndizi zikiwa bado jikoni, na wadogo wawili hawakuwa wamegusa dadu.

Katikati ya safari hiyo wa pili aliteleza: “Kompyuta amekataa.” Nikamsahihisha kwa mazoea, imekataa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitafakari ile silabi. Gari nalo hukataa kuwaka, lakini hubaki limekataa, na hakuna amwulizaye dereva sababu za gari. Nahodha hana kiambishi cha watu mwilini mwake, hata hivyo sarufi humpa a- bila kusita, kwa kuwa ameamua na anaweza kuulizwa. Tazameni pia njia ambayo kazi hupita inapoacha mikono ya watu: mpima anakuwa kipima, mnasa sauti kinasa sauti, mkokotoaji kikokotoo (neno ambalo wastaafu wetu wana yao ya kulisemea). Ki- ile ile ya kijitu na kijumba. Wanaopendekeza tarakilishi badala ya kompyuta wameitilia akili ndani ya jina, lakini hata wao hawajathubutu kuipa a-.

Shemeji yangu alikuwa ameketi mlangoni muda wote huo. Kwa miaka mingi alikuwa utingo, kisha mkata tiketi katika basi moja. Mwezi Juni aliambiwa kuwa tiketi sasa zinakatwa kwa mtandao, akae nyumbani ataitwa. Hajaitwa. Asubuhi huenda stendi kubeba mizigo kwa kutwa, na pale nyumbani tulikuwa tumejifunza kulizunguka jambo hilo kama shimo.

Binti mdogo, wa darasa la nne, akasema, “Mimi nitakuwa utingo.”

“Kitabuni hakuna utingo,” kaka yake akamkata.

“Baba, utingo hufanya nini?”

Nilitamani kulifunika swali lile, lakini shemeji alikwisha kuanza, kwanza kwa kusitasita. Hushuka mlimani na kabari mkononi gari likizimika, akaitia nyuma ya gurudumu. Hujua mkungu upi ni wa nani hata kama yote imefungwa kwa kamba ya rangi moja. Hukumbuka kuwa mama wa kiti cha nyuma amelala na kituo chake kimekaribia. Husikia tairi kabla ya dereva. Husimama mlangoni akagonga bodi, na pasipo kugonga huko dereva haondoi gari. Alieleza kwa muda mrefu kuliko nilivyopata kumsikia akizungumza tangu nifike. Mkubwa wetu, nahodha, aliweka dadu chini akasikiliza.

Nikachukua karatasi mpya, nikaandika juu yake: Utingo. Safari ya pili tukatua katika sayari yenye barafu, tukashusha shehena, nahodha akatangaza kuwa tunaondoka na kutupa dadu.

“Bado,” akasema binti, akigonga meza kwa kiganja. “Kuna bibi hajashuka.”