Herufi A Zikiisha

Fundi aliyenifundisha kazi tulimzika mwaka jana. Pale msibani watu walisifu amplifaya zake. Lakini amplifaya kila fundi wa Kariakoo alizitengeneza: transista za 2N3055, transfoma ya kusuka kwa mkono, boksi la bati, basi. Ustadi wa marehemu ulikuwa usoni mwa boksi, kwenye maandishi.

Utoto wangu hauna mengi. Nilizaliwa Rufiji, nikamaliza darasa la saba, mjomba akanileta mjini, nikakabidhiwa msasa.

Uso wa alumini hutobolewa matundu kwanza, kisha husuguliwa kwa msasa wa maji, kuelekea upande mmoja tu. Ukishafutwa kwa spiriti, kidole hakigusi tena. Herufi zilikuwa Letraset za Uingereza, tukizipata kwa wachora ramani. Unalaza karatasi, unasugua herufi kwa kalamu iliyokwisha wino, inahamia kwenye alumini. Ikikaa kombo, unaibandua kwa selotepu. Ili neno likae sawasawa juu ya tundu lake, unaanza na herufi ya kati, ndipo unakwenda kushoto na kulia.

Karatasi zile zilipangwa kwa ajili ya Kiingereza: E tele, A hazitutoshi. Andika KIPAZA SAUTI mara mbili, A sita zimekwenda. Mwenzangu mmoja, leo ana duka kubwa na jina simtaji, akiona A zinapungua aliandika VOLUME na TONE, eti wateja wanapenda kitu cha Ulaya. Mzee hakutaka kusikia. Alichukua V akaipindua, akakata kistari chembamba, akakilaza katikati kwa ncha ya wembe. Ukiinamia utaona kimekwenda upande kidogo.

“Anayewasha hii ni muadhini, alfajiri,” alisema. “Si mhandisi.”

Mwenzangu hushikilia kwamba mzee alipoteza wateja. Basi aniambie: yale maboksi yaliyorudishwa na spika zilizoungua, kwa sababu mtu alichomeka pasipo pake, yalikuwa kazi ya nani?

Nanyi vijana mnaochapa stika kwa kompyuta, A haziwaishii, sawa. Ila stika ya karatasi kwa joto la Dar huanza kuinuka pembe. Na mkibahatika kupata herufi za kusugua, jamani, vanishi msipake kwa brashi! Vanishi hulainisha herufi, brashi inazikokota. Pulizeni kwa mbali, ukungu tu, ikauke, mrudie. Mkono mzito ni wa mwisho.

Mwenzangu alikuwa akipaka kwa brashi.