Safari ya Kolwezi: Nani Anayelinda Shaba?

Atokaye Lubumbashi kwenda Kolwezi hushika njia ya kaskazini-magharibi, mwendo wa kilometa zipatazo 300. Njia ni ya lami, lakini msafiri asitumaini kufika upesi, maana wenye njia ile ni malori. Tuliondoka alfajiri, wakati wa kiangazi, na kabla hatujafika Likasi tulikwisha pishana na malori tusiyoweza kuyahesabu, mengine yamebeba mabamba ya shaba yaliyofungwa minyororo, mengine magunia makubwa ya kobalti. Vumbi lake hutanda pande zote mbili za njia, hata miembe ya vijijini yaonekana kama imepakwa rangi ya matofali.

Tunamwomba msomaji aangalie jambo moja katika malori hayo. Yaliyosheheni, karibu yote, yaelekea mpakani Kasumbalesa. Kutoka hapo hupita Zambia, kisha mengine hushuka hadi Dar es Salaam, mengine Durban, Walvis Bay au Beira. Lakini pwani iliyo karibu zaidi iko magharibi, bandari ya Lobito nchini Angola, na reli ya kwenda huko ilikwisha fika mpaka wa Kongo tangu mwaka 1931. Kwa nini basi mzigo uzungushwe namna hii? Sababu yake ni vita. Mwaka 1975 Angola ilipata uhuru na kuingia papo hapo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Madaraja yakavunjwa, njia ya chuma ikazibwa, na shaba ya Kolwezi ikakosa mlango wake kwa miongo mingi, ingawa vita vilikuwa vya jirani. Upande wa Angola reli imejengwa upya, na mwaka 2024 shaba ilikuwa ikisafiri tena kwa treni hadi Lobito. Upande wa Kongo reli ni kuukuu, nayo treni huenda polepole. Ndiyo maana malori hayajapungua.

Baada ya Likasi huja Fungurume, penye vilima ambavyo vilele vyake vimekatwa. Kisha yapata kilometa kumi na tano kabla ya mji tulikuta soko la Musompo, ambapo wachimbaji wa mikono huuza mawe yao. Maduka ya kununulia huitwa depo. Mwuzaji huleta gunia, mnunuzi hulipima kwa mizani yake mwenyewe na kwa chombo chake mwenyewe kitajacho kiasi cha kobalti, kisha hutamka bei. Hatukumwona mwuzaji hata mmoja aliyeleta mizani yake.

Kolwezi wenyewe ni mji ulioketi juu ya uwanda, yapata meta 1,400 kutoka usawa wa bahari, hewa yake nzuri. Ulianzishwa mwaka 1937 na Union Minière, ile kampuni ya Wabelgiji iliyoundwa mwaka 1906, na tangu mwaka 2015 ndio mji mkuu wa jimbo la Lualaba. Mashimo ya migodi hayako mbali kama katika miji mingine. Yamo ubavuni mwa nyumba. Ukisimama ukingoni mwa shimo kuu liitwalo KOV, malori makubwa ya chini yaonekana kama siafu. Huko Kasulo, mwaka 2014, mwenyeji mmoja alichimba uani kwake akakuta kobalti, na baada ya muda mfupi mtaa mzima ulikuwa umejaa visima visivyo na maji.

Tulipokelewa na mzee mmoja wa parokia, fundi wa reli mstaafu, ambaye tangu ujana wake hakupata kuhama. Tulikuwa tumekuja na swali la wanafunzi wetu wakubwa, waliosikia kwamba makampuni huogopa kuleta mtaji Kongo kwa sababu ya vita. “Je, Baba,” tukamwuliza, “ni kweli?” Akacheka. “Mwalimu, wanaogopa, lakini hawaondoki. Tangu nizaliwe wanaogopa.”

Kisha akatuhadithia Mei 1978. Tarehe 13 ya mwezi ule waasi waliotoka Angola, wengi wao watu wa Katanga hii hii, waliingia mjini asubuhi. Mzee alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Siku sita walilala chini ya kitanda, wakila unga mkavu. Tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa walishuka kutoka angani, na kesho yake wakaja Wabelgiji. Wazungu zaidi ya mia moja walikuwa wameuawa, na Waafrika mia kadhaa. Wazungu waliosalia, zaidi ya elfu mbili, walichukuliwa kwa ndege. “Sisi ndege yetu ilikuwa wapi?” akauliza yule mzee, wala hakungoja jibu. Huko ng'ambo, wanunuzi wakihofu kwamba kobalti itaadimika, bei yake ilipanda zaidi ya mara tatu katika miezi michache. Hivyo hatari ile ile iliyomlaza mzee chini ya kitanda ilimtajirisha mtu mwingine aliyekuwa na akiba ghalani.

Katika kitabu cha hesabu cha kampuni, hatari ya vita huandikwa kama kitu kitokacho nje: waasi waja, reli yakatika, bima yapanda. Historia ya hapa yatufundisha kwamba hesabu hiyo ina upungufu, maana kampuni nayo yaweza kuwa sehemu ya vita. Tarehe 11 Julai 1960 Bwana Tshombe alipoitenga Katanga, Union Minière ilimlipa yeye kodi zake, naye kwa fedha hizo akaendesha serikali na kulipa askari wa kukodiwa. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoingia Kolwezi, ngome ya mwisho, Januari 1963, mambo yakaisha. Miaka minne haijatimia, serikali ya Mobutu ikatwaa mali ya kampuni ile, ndipo ikazaliwa Gécamines. Hatusemi kwamba kodi zile ndizo sababu pekee, lakini nani angeweza kuzisahau?

Gécamines nayo ilipata yake. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Kisha mwaka 1992 na 1993 wanasiasa waliwachochea wenyeji dhidi ya watu wa Kasai, waliokuwa mafundi na makarani wengi wa migodi, wakafukuzwa kwa maelfu na kurundikana vituoni wakingoja treni. Watoto wengi wakafia hapo. Kampuni iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ikashuka chini ya tani 50,000. Haikupigwa bomu hata moja.

Lakini kisa kinachofaa kusomwa na kila mkurugenzi kilitukia mbali kidogo, mashariki, katika Kilwa ya ziwa Mweru. (Si Kilwa ya pwani ya Tanzania, wanafunzi wasichanganye.) Anvil Mining, kampuni ya Australia na Kanada, ilipitisha hapo shaba na fedha ya mgodi wake wa Dikulushi. Oktoba 2004 waasi wachache waliushika mji, na jeshi likaja kuurudisha. Askari walipanda magari na ndege ya kampuni. Raia zaidi ya 70 waliuawa. Kampuni ilijitetea kwamba vyombo vyake vilichukuliwa kwa amri ya serikali, na mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachilia wafanyakazi wake watatu walioshtakiwa. Kesi haikufa. Mwaka 2017 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwamba dola ya Kongo iwalipe wahanga dola milioni 2.5, na mwenendo wa kampuni ukalaumiwa kwa maneno makali. Gari lililotolewa kwa muda mfupi limebebeshwa lawama miaka zaidi ya kumi.

Je, Kolwezi wamelisikia hilo? Tuna mashaka. Tarehe 27 Juni 2019 kingo za KOV ziliwaangukia wachimbaji wa mikono walioingia bila ruhusa, wakafa watu wapatao 40. Baada ya hapo jeshi lililetwa kuwaondoa waliosalia. Na tarehe 15 Novemba 2025, huko Kalando, wachimbaji walikimbilia daraja la muda nalo likavunjika, wakafa watu wasiopungua 32. Ilisemekana kwamba milio ya bunduki za askari ndiyo iliyowatia hofu. Kampuni zina haki ya kulinda mali yake, hatubishi. Lakini kijana asiye na kazi nyingine wala shamba, maana shamba la babaye ndilo hilo shimo, hatazuiwa na bunduki. Atabadili tu saa ya kuingia.

Mzee wetu anayajua haya kwa uchungu, kwani ana wana wawili. Mmoja ni mlinzi wa kampuni, mwingine huchimba kwa mikono. Jioni tulikula nao bukari na samaki wa Lualaba, mkono mmoja baada ya mwingine katika sahani moja, na hakuna aliyetaja kazi. Tulipobaki na yule mlinzi peke yake tulimwuliza hufanya nini awaonapo wachimbaji usiku.

“Ninapiga filimbi, Mwalimu,” akasema. “Ninapiga nikiwa bado mbali sana.”

Mkubwa wake hajui. Akijua atamfukuza, na watoto wanne watakosa karo. Asubuhi alitusindikiza hadi kituo cha magari akiwa amevaa sare yake, na nduguye akabeba mkoba wetu, kucha zake zimejaa udongo mweusi.