"Ni Mtoto wa Dada Tu"



Wapendwa waamini, kalamu nayo ni chombo cha utume. Hilo linashuhudiwa na mama mmoja aliyeishi ng'ambo ya ziwa letu, mjini Kisumu, na baadaye Nairobi: Marjorie Oludhe Macgoye.

Alizaliwa Southampton, Uingereza, mwaka 1928. Mwaka 1954 alifika Kenya kama mmisionari mlei wa Kianglikana, kazi yake ikiwa kuuza vitabu. Mwaka 1960 aliolewa na Daniel Oludhe Macgoye, Mjaluo, akaifanya Kenya kuwa kwao hadi alipofariki mwaka 2015. Riwaya yake Coming to Birth (1986) inamfuata Paulina, binti wa miaka 16 aliyemfuata mumewe Nairobi mwaka 1956. Chira (1997) inahusu UKIMWI.

Hata hivyo, kinachonirudia mara kwa mara moyoni ni shairi lake A Freedom Song. Atieno, mtoto wa miaka minane, anatumikishwa nyumbani kwa mjomba wake. Ujira hapewi, kwa kuwa ni ndugu. Anafariki kwa uzazi angali binti mdogo, na msibani watu wanakula kwa ukarimu ambao yeye hakuuonja akiwa hai.

Macgoye hakumchora mjomba kama katili. Ni mtu wa heshima, kama sisi. Hapo ndipo shairi linapochoma. Nikitembelea jumuiya zetu hapa Nkome, nimewahi kuuliza kuhusu binti aliyekuwa akiteka maji saa za masomo. Nikajibiwa, "Huyo ni mtoto wa dada tu, Padre. Anatusaidia."

Neno hilo "tu" ni zito. Undugu, ambao Mungu ametupa uwe kinga ya mtoto, tunaugeuza kuwa sababu ya kutomlipa, kutompeleka shule na kutomwandikisha mafundisho ya Komunyo. Kanisa linafundisha kwamba kumdhulumu mfanyakazi ujira wake ni miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni. Halikuwatenga ndugu katika fundisho hilo.

Wapendwa, juma hili kila familia itazame jikoni kwake. Kama yupo Atieno, tusingoje kumpikia vizuri msibani. Aketi mezani leo, na muhula ujao aende shule.

Mungu awabariki.

Paroko wenu