Pikipiki Iliyoota Masikio



Ukinikuta njiani hapa Hombolo utaona vipande viwili vya njano kwenye usukani wa pikipiki yangu, mbele ya mikono. Vijana hucheka. Wanasema pikipiki ya Bwana Shamba imeota masikio. Zamani hata mimi ningecheka. Leo sicheki, na nitakueleza kwa nini.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwatembelea wakulima kwa baiskeli. Mwaka 2022 serikali ilitugawia maafisa ugani pikipiki, na uzinduzi ulifanyika hapa Dodoma. Nami nikapata yangu. Niliipeleka kwa fundi anikazie nati. Fundi akaitazama, akaniambia, "Mzee, njia zako ni za miiba. Weka kinga ya mikono." Nikamjibu kwamba hayo ni mapambo ya vijana. Ukweli ni kwamba sikutaka kutoa fedha.

Wewe unazijua njia zetu. Wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Mvua zikinyesha, maji huchimba makorongo mapya, na njia uliyopita jana leo huioni. Migunga na mitunduru huinamia njia kutoka pande zote mbili. Mtu wa miguu huinama akapita. Lakini mwenye pikipiki hawezi kuinamisha usukani. Mikono yake iko pembeni, nayo ndiyo inayokutana na miiba kwanza.

Januari 2023 mama mmoja mjane, anayelima ng'ambo ya bwawa, alimtuma mjukuu wake kwangu. Majani ya mahindi yake yalikuwa na matundu. Nilijua ni viwavijeshi vamizi, wadudu walioingia nchini mwaka 2017. Kiwavi huyu akiwa mdogo hukaa juu ya majani, na kumwua ni rahisi. Akikua huingia ndani kwenye moyo wa mhindi, na huko dawa haimfikii vizuri. Kwa hiyo kila siku ina thamani. Niliondoka asubuhi na mapema.

Sikufika. Nilipokuwa nashuka korongo, gurudumu la mbele lilizama mchangani. Pikipiki ikayumba kando, na tawi la mtunduru likanipiga mkono wa kushoto. Mwiba ukazama kwenye kifundo cha kidole. Nikaachia usukani. Pikipiki ikalala juu ya jiwe, na nilipoiinua niliona liva ya klachi imekatika.

Liva ni kile kipande unachokivuta kwa vidole unapoendesha. Ya kushoto ni ya klachi. Hiyo hutenganisha nguvu ya injini na gurudumu ili uweze kubadili gia. Ya kulia ni ya breki ya mbele. Liva nyingi ni za alumini. Alumini ni nyepesi, lakini ikigonga jiwe hukatika upesi. Bei yake si kubwa. Lakini duka lilikuwa mjini, na mimi nilikuwa korongoni.

Niliisukuma pikipiki muda wa saa mbili, mkono mmoja ukivuja damu. Nyumbani nilifunga kitambaa tu, nikalala. Hapo nilikosea. Ilinipasa kuosha kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha kwenda zahanati siku ileile. Nilikwenda siku ya tatu, mkono umevimba kama andazi. Mganga alitoa ncha ya mwiba, akanichoma sindano ya pepopunda. Aliniuliza kwa nini nimechelewa. Sikuwa na jibu.

Nilikaa siku nane bila kushika usukani. Utaniuliza, simu je? Nilimpigia jirani wa yule mama. Nilimwomba amweleze kukagua majani kila asubuhi na kuponda mayai na viwavi wadogo kwa mkono. Lakini macho ya mama yule hayaoni vizuri karibu, na mjukuu alikuwa shuleni. Nilipofika viwavi walikuwa wamekwisha ingia ndani. Mwaka ule alivuna magunia mawili. Alizoea kuvuna matano.

"Mbukwenyi, Bwana Shamba," alinisalimu. "Nilidhani umenisahau."

Siku iliyofuata nilirudi kwa fundi. Sikumwambia neno kuhusu mapambo, naye kwa heshima hakunikumbusha.

Alinieleza kwamba kinga ziko za namna mbili. Moja ni ya plastiki tupu, hushikwa upande mmoja tu. Hiyo huzuia upepo na vijiti, lakini ukianguka hujikunja na liva huvunjika. Nyingine ina chuma ndani yake. Chuma hicho hufungwa kwa boliti kwenye ncha ya usukani, na tena upande wa ndani, kikaizunguka liva yote. Ukianguka, chuma ndicho kinachogonga chini.

Yangu alinitengenezea. Alikunja chuma bapa, akasugua kingo zote zisikate mtu. Halafu alikata dumu la mafuta ya kula la lita 20, akafunga plastiki yake mbele ya kile chuma. Ndiyo hayo masikio ya njano.

Kabla ya kulipa, tulipima. Tuligeuza usukani kulia mpaka mwisho, na kushoto mpaka mwisho. Kinga haikugusa tangi wala kubana waya. Tulivuta liva zote mbili mpaka mwisho. Tulizungusha mshikio wa mafuta na kuuachia, ukarudi wenyewe. Usikubali kuondoka kabla ya kupima hayo. Mshikio ukikwama kwenye kinga, pikipiki itakimbia nawe. Na mkono wako uweze kutoka upesi bila kunaswa.

Jambo jingine alilonifundisha halina gharama. Usikaze mno kile kibano kinachoshika liva kwenye usukani. Kikaze kiasi cha liva kutocheza unapoendesha, lakini ikigongwa kwa nguvu iweze kuzunguka kidogo. Liva inayozunguka haivunjiki upesi. Pia nimefunga liva moja ya akiba chini ya kiti, pamoja na spana.

Kofia ngumu bado navaa, na glovu pia. Korongoni nashuka polepole, maana kinga haizuii mtu kuanguka.

Msimu uliofuata nilianguka tena, katika korongo lilelile. Chuma kilipata mkwaruzo mrefu. Nilijikung'uta mchanga, nikawasha pikipiki, nikaendelea. Kabla ya saa tatu asubuhi nilikuwa kwa yule mama. Aliligusa sikio moja la pikipiki.

"Hili si dumu la mafuta?" aliuliza.

"Ndilo, mama."

Alicheka sana. Kisha akamwita mjukuu wake, maana ilikuwa Jumamosi, na tukaingia watatu shambani kutafuta mayai chini ya majani.