Kati ya "huenda" na "ni kweli": habari za Mirihi na sisi tuliohama

Wasikilizaji wetu, hasa vijana walio kambini hapa Bunia, wananiuliza: "Kaka, ni kweli wamegundua viumbe kwenye Mirihi?" Wameona picha zinazozunguka kwenye WhatsApp. Jibu ni fupi: hapana, bado. Lakini tuongee kidogo, maana habari za sayari hiyo jirani zinatuhusu sisi tuliokimbia vijiji vyetu.

Mwaka 1877 mtaalamu wa nyota wa Italia, Giovanni Schiaparelli, aliangalia Mirihi kwa darubini akaona mistari. Akaiita "canali", neno la kwao ambalo linaweza kuwa mikondo ya kawaida tu. Lilipoingia katika Kiingereza, likageuka kuwa mifereji iliyochimbwa. Basi watu wakauliza: nani kaichimba? Tajiri mmoja wa Marekani, Percival Lowell, alijenga kituo cha kuangalia nyota Arizona mwaka 1894, akaandika vitabu akidai kwamba wenyeji wa Mirihi wanavuta maji kutoka kwenye barafu ili wasife na ukame. Mwaka 1965 chombo Mariner 4 kilipita karibu kikapiga picha. Mifereji haikuonekana. Macho yalikuwa yamedanganyika.

Hata redio ilichangia. Tarehe 30 Oktoba 1938, Orson Welles alirusha hewani Marekani mchezo wa kuigiza kuhusu uvamizi kutoka Mirihi, akiupanga kama taarifa ya habari. Baadhi ya waliofungua redio katikati waliogopa kweli. Kisha magazeti yakaikuza hofu hiyo kupita ilivyokuwa.

Na leo je? Roboti Perseverance inatembea huko tangu Februari 2021, mahali panapoitwa Jezero, ambako zamani sana kulikuwa na ziwa. Mwaka 2024 ilikuta jiwe lenye madoa kama ya chui. Hapa duniani, madini ya namna hiyo mara nyingi hutokana na vijidudu vya kwenye matope, lakini yanaweza kutokea pia bila uhai. Wataalamu walichunguza zaidi ya mwaka mmoja. Septemba 2025 shirika la NASA likatangaza: huenda ni alama ya uhai wa kale. Huenda. Hawakusema "ni".

Neno hilo dogo ndilo ninalowaomba tulishike. Mimi natangaza kwa watu ambao wakisikia "kijiji kimetulia", wanafunga mizigo usiku huohuo. Namjua mama mmoja aliyeondoka kambini na watoto watatu kwa sababu aliambiwa barabara imefunguka. Aliyemwambia alikuwa ameambiwa na mwingine, naye vilevile. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amefika. Mama alitembea siku mbili, akageuzwa njiani, akarudi mikono mitupu, na nafasi yake kambini imeshachukuliwa. Tunamshukuru Mungu kwamba alirudi hai.

Jiwe la Mirihi linaweza kungoja miaka, halina haraka. Sisi tuna njaa, tuna mashamba yaliyoota majani, tunataka kusikia kwamba mambo yameisha. Ndiyo maana uvumi unatuingia upesi.

Kwa hiyo, ukipokea habari kwa simu, uliza: nani ameona mwenyewe? Lini? Na mimi nikisema "huenda" hewani, tafadhali usimpelekee jirani yako "ni kweli".