Mtoto Anayetusubiri

Wahenga walituachia methali mbili zinazogombana. Moja yasema haraka haraka haina baraka. Nyingine, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Katika miaka niliyofundisha hisabati shule ya sekondari, ile ya kwanza niliisikia mara nyingi zaidi, hasa kila alipotajwa mwanafunzi aliyewatangulia wenzake.

Namkumbuka kijana mmoja wa kidato cha pili. Nilipokuwa nikieleza milinganyo, yeye alikuwa amekwisha kumaliza mazoezi ya sura nzima, na kurasa za nyuma za daftari lake zilijaa hesabu za kidato cha nne. Niliomba aruhusiwe kukaa na kidato cha nne katika vipindi vya hisabati tu. Nikajibiwa kwamba ratiba hairuhusu, tena mtoto asiharakishwe. Basi akawa anasubiri. Hadi mwisho wa mwaka, zile kurasa za nyuma hazikuongezeka hata moja.

Marekani yuko aliyelitazama jambo hili kwa jicho jingine. Mwaka 1971 Profesa Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, alianzisha utafiti juu ya vijana wenye kipaji kikubwa cha hisabati. Aliona kwamba mitihani ya darasa lao haiwapimi: wote hupata karibu alama zote, na tofauti baina yao haionekani. Akawapa watoto wa miaka 12 na 13 mtihani wa SAT, unaotungwa kwa vijana wa miaka 17 au 18 wanaotaka kuingia chuo kikuu. Wako waliowapita wengi wa wakubwa hao. Akaona wafundishwe kwa kasi yao wenyewe, kwanza siku za Jumamosi, na baadaye katika masomo ya likizo, ambako kazi ya mwaka mzima huweza kumalizwa kwa majuma matatu.

Wengi walihofu kwamba utoto wao ungeharibika. Waliofuatiliwa hadi utu uzima, kwa jumla, hawakuonekana kudhurika. Wengi walifurahi kwamba waliruhusiwa kwenda.

Tanzania tunazo shule za vipaji maalumu, kama Ilboru, Mzumbe na Kilakala. Ni jambo jema, kwani humo mtoto hupata wenzake. Hata hivyo mtaala ni ule ule wa shule nyingine, na miaka ni ile ile. Tumewakusanya wenye mbio, kisha tukawapanga foleni.

Najua nitaambiwa kwamba darasa la wanafunzi 80 na mwalimu mmoja lina wengi wanaoachwa nyuma, na hao ndio wa kusaidiwa kwanza. Ni kweli. Lakini siombi majengo wala fedha. Naomba kiti kimoja katika darasa la mbele, kwa kipindi kimoja. Kiti hicho hakimnyang'anyi mwingine kitu. Mtoto anayechelewa hutuonyesha kwamba anatuhitaji. Anayetangulia hunyamaza, nasi ukimya wake tunauita nidhamu.